Utulivu wa Kudi Chin una mwenyewe

Aliyepita Bangkok kwa siku mbili tatu hurudi na habari za foleni, joto na maduka yasiyokwisha. Kumwaminisha kwamba ng'ambo ya mto, mkabala na soko la maua la Pak Khlong Talat, upo mtaa ambao saa nne za asubuhi unasikia ufagio ukipita kwa jirani wa nyumba ya tatu, ni kazi. Mtaa huo unaitwa Kudi Chin. Uko upande wa Thonburi, ukingoni kabisa mwa mto Chao Phraya, na wageni wanaoufikia huusifu kwa maneno yaleyale: umetulia, umesahaulika, wakati umeupita. Nami niliupenda kwa sababu hizohizo. Lakini kila nikifikiri zaidi naona neno hilo la kusahaulika linawadhulumu wakazi wake. Hakuna aliyeusahau mtaa ule. Upo jinsi ulivyo kwa sababu watu fulani walipewa ardhi mwaka fulani, wengine wakaikodi, wengine wakapigania wasiondolewe, na wengine wakashindwa. Utulivu ule una historia ya umiliki, na mgeni asiyeijua atausifia mtaa leo, kisha kesho ashangae kuukuta hoteli.

Tuanze na vita. Aprili 1767 majeshi ya Waburma yaliiteketeza Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, yaani Thailand ya leo, uliokuwa umesimama zaidi ya miaka 400. Jemadari mmoja aliyenusurika, Taksin, alikusanya watu, akawarudisha nyuma wavamizi, akaweka makao yake Thonburi, kwenye ukingo wa magharibi wa Chao Phraya, pale mfereji wa Bangkok Yai unapoingia mtoni. Miongoni mwa waliopigana upande wake walikuwamo Wakristo wa asili ya Kireno, watu wa mizinga na bunduki, ambao wazee wao walikuwa wameishi Ayutthaya kwa vizazi. Tarehe 14 Septemba 1769 Taksin akawapa kipande cha ardhi kando ya mto. Siku hiyo Kanisa huadhimisha Kutukuka kwa Msalaba, na kanisa walilolijenga wakaliita Santa Cruz, Msalaba Mtakatifu. La kwanza lilikuwa la mbao. La pili, la karne ya 19, lilikuwa na sura ya Kichina. Hili la sasa, lenye kuba linaloonekana kutoka mbali mtoni, lilikamilika 1916.

Mji mkuu haukukaa Thonburi muda mrefu. Mwaka 1782 Taksin alipinduliwa na kuuawa, na mfalme aliyemfuata, Rama wa Kwanza, akavusha kasri na serikali hadi ukingo wa mashariki. Tangu hapo fedha, barabara, mabalozi na baadaye majengo marefu yalikwenda upande ule. Thonburi ikawa ng'ambo. Daraja la magari la kuziunganisha pande hizi mbili, Daraja la Kumbukumbu, lilifunguliwa Aprili 1932, yaani miaka 150 baada ya mji kuhama, na barabara yake ikapita ubavuni mwa Kudi Chin bila kuupasua. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 Thonburi ilihesabiwa mkoa wake peke yake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya utulivu, na haina uzuri wowote wa kishairi: ni mtaa uliopoteza mji mkuu, ukabaki na mto.

Kutoka soko la maua unapanda kivuko, safari fupi, nauli ya sarafu chache. Ng'ambo unashukia kwenye gati la hekalu la Wat Kalayanamit, lililojengwa 1825 na tajiri mmoja wa Kichina aliyekuwa mtumishi wa mfalme. Ndani mna sanamu kubwa mno ya Buddha ambayo Wachina wa Bangkok huja kuiomba heri, hasa mwaka mpya wao ukifika. Ukifuata njia nyembamba ya zege iliyo juu ya maji, hatua si nyingi, unafika kwenye hekalu dogo la Kian Un Keng, la Wachina wa Hokkien, ambamo yumo Guanyin, mama wa huruma. Mbao zake zimechongwa kwa uvumilivu ambao leo hakuna anayeweza kuulipia. Hatua nyingine chache na uko mbele ya kanisa. Nyuma ya kanisa kuna shule mbili za Kikatoliki, kwa hiyo utulivu ninaousema hukatika kila mapumziko watoto wanapotoka madarasani, na ni vizuri ukikatika. Endelea tena na utafika Wat Prayun, lenye mnara mweupe wa duara ambao ukarabati wake ulipata tuzo ya juu ya UNESCO kwa Asia na Pasifiki mwaka 2013.

Hekalu hilo la Wat Prayun lina habari ninayoona inafaa kusimuliwa kuliko zote. Lilijengwa 1828 na Dit Bunnag, mmoja wa wakuu wenye nguvu kubwa katika ufalme. Ukoo wa Bunnag unatokana na Sheikh Ahmad, mfanyabiashara Mwajemi kutoka Qom aliyefika Ayutthaya mwanzoni mwa karne ya 17 na kupanda hadi vyeo vya juu. Kwa hiyo mzao wa Mwislamu wa Uajemi ndiye aliyejenga hekalu la Kibudha jirani na kanisa la Wareno. Tena ni katika viwanja vya hekalu hilohilo, Januari 1837, mzinga ulipopasuka wakati wa sherehe, mmisionari na daktari wa Kimarekani Dan Beach Bradley alipomkata mkono mtawa aliyejeruhiwa, upasuaji wa kwanza wa namna hiyo nchini Siam. Na ukifika kando ya mfereji wa Bangkok Yai utaukuta msikiti wa Bang Luang, mweupe wote, uliojengwa kwa sura ya hekalu la Kithai: paa lile, mapambo yale, ila hakuna sanamu wala picha ya kiumbe, na ndani kuna mihrabu. Waumini wa mwanzo walikuwa Waislamu waliokimbia kutoka Ayutthaya, kama majirani zao Wakristo.

Waongoza watalii husimulia haya kama mfano wa kuvumiliana. Sipingi. Majirani wa dini tofauti wamekaa pale zaidi ya miaka 200 na hilo si dogo. Lakini sioni kama lilitokea kwa moyo mwema peke yake. Mfalme wa Thonburi na wale wa mwanzo wa Bangkok walihitaji watu. Vita ilikuwa imeumaliza ufalme, na kila jamii iliyokuja ilikuwa na ujuzi wake: Wachina walikuwa na majahazi na biashara ya mchele, Wareno walijua mizinga na lugha za makapteni wa Ulaya, Waislamu walikuwa na mitandao ya biashara kuelekea Bahari ya Hindi na utaalamu wa kuendesha bandari. Kila jamii ikapewa kiwanja chake, ikaachiwa ibada yake na wazee wake, na badala yake ikatoa huduma kwa mfalme. Ilikuwa siasa ya makazi, na ilifanya kazi kwa sababu ilianza na ardhi. Aliyepewa pa kukaa na pa kuzika hakuwa na haja ya kumgombania jirani.

Msomaji wa Pwani ana haki ya kuuliza: Wareno haohao? Ndio haohao. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi Aprili 1498. Mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida zilizipiga Kilwa na Mombasa. Miaka sita baadaye Afonso de Albuquerque aliiteka bandari ya Malaka, katika Malaysia ya leo, na kutoka huko akatuma mjumbe kwenda kwa mfalme wa Ayutthaya. Ni msafara mmoja wa merikebu unaoziunganisha bandari zetu na mto ule. Lakini tazama walichoacha. Mombasa waliacha Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, na baada ya Waomani kuitwaa 1698 hawakubaki na mtaa hata mmoja. Bangkok hawakuacha ngome yoyote, wakaacha watu. Tofauti naiona wazi. Kwetu walikuja kutawala, wakajenga kuta baina yao na wenyeji, na siku ukuta ulipoanguka hawakuwa na jirani wa kuwatetea. Siam walikuja kwa ruhusa, wakatumikia mfalme wa nchi, wakaoa palepale, watoto wao wakasema Kithai na kuendelea kwenda misa. Leo wakazi wa Kudi Chin wanaojiita wa asili ya Kireno ni Wathai kwa sura, kwa lugha na kwa majina. Ureno kwao ni kanisa, ni picha za Bikira Maria zilizobandikwa juu ya milango, na ni vitu vya jikoni.

Cha jikoni kinachojulikana zaidi ni khanom farang, keki ndogo ambazo sasa zinaokwa na nyumba chache sana mtaani. Nilisimama mlangoni pa moja ya nyumba hizo nikatazama kazi tangu mwanzo. Mayai ya bata na sukari hupigwa mpaka yafure na kuwa meupe, unga unaingia mwishoni, basi. Hamira haimo, siagi haimo, maziwa hayamo. Uji ule mzito unamiminwa kwenye kalibu ndogo zenye umbo la ua, na juu yake vinawekwa zabibu kavu, vipande vya tunda la persimoni lililokaushwa na vya mung'unye uliopikwa kwa sukari. Hizo nyongeza ni za Kichina, zimetoka kwa majirani. Kisha sinia linaingia katikati ya moto miwili, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na mwokaji anahukumu kwa pua, maana akichelewa kidogo tu mgongo unaungua. Mama yeyote wa Mombasa au Unguja akiionja ataiita mkate wa mayai, na akiuona moto ule uliopaliwa juu na chini hatakuwa na la kuuliza. Ni jamaa wa jikoni moja ya Bahari ya Hindi, waliokulia bandari mbili.

Nimekaa sana kwenye keki kwa makusudi. Keki hizo zinauzwa kwa bei ya kawaida, zinaokwa nyumbani, mbele ya nyumba kuna meza na nyuma ya meza kuna familia inayoishi hapo. Biashara ya namna hiyo inawezekana mahali ambapo kodi ya ardhi ni ndogo. Ipandishe kodi mara tatu na nyumba hiyo haitaoka tena mayai ya bata. Itakuwa mkahawa wa kahawa ya bei mbaya, na pengine keki itaendelea kuuzwa humo, imetoka kiwandani, ndani ya kisanduku chenye picha ya kanisa.

Na hapa ndipo penye moyo wa jambo. Ardhi ya Kudi Chin kwa sehemu kubwa si ya wakazi. Viwanja vilivyo kuzunguka Santa Cruz ni vya kanisa, na familia zimepanga kwa kanisa, kizazi kwa kizazi. Upande wa pili ardhi ni ya mahekalu. Ardhi ya hekalu nchini Thailand haiuzwi hivi hivi, na kanisa nalo halikuwa na nia ya kuuza. Kwa hiyo miaka yote ambayo wanunuzi wa viwanja walikuwa wakiipekua Bangkok mtaa kwa mtaa, wakibomoa nyumba za mbao na kupandisha ghorofa 30 na 40, hapa walikuta mlango umefungwa. Hakukuwa na mwenye nyumba mmoja mmoja wa kumshawishi kwa bahasha. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya utulivu, na kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Sheria za kuhifadhi majengo ya kale zilikuja baadaye, tena zinalinda kuta. Aliyelinda watu ni mwenye ardhi ambaye hakuwa na haraka ya faida.

Ila mwenye ardhi mmoja, asiye na haraka, ni ulinzi unaotegemea nia yake. Nia ikibadilika, ulinzi umekwisha. Wat Kalayanamit ni ushahidi, na uko palepale, hatua chache kutoka kanisani. Kuanzia miaka ya mwanzoni ya 2000 uongozi wa hekalu hilo ulianza kubomoa majengo ya kale ndani ya eneo lake, mengi ya karne ya 19, na kuweka mapya. Idara ya serikali inayosimamia mambo ya kale ilipinga kwa kuwa eneo lote limesajiliwa kama mali ya kale, na mashauri yakaenda mahakamani kwa miaka. Wakati huohuo wapangaji waliokuwa wakikaa kwenye ardhi ya hekalu, baadhi katika nyumba za wazee wao, walitakiwa kuhama. Baadhi ya vitu vilivyobomolewa vilikuwa vimejengwa na familia za mtaani kuhifadhi mifupa ya marehemu wao. Wakazi walipeleka malalamiko, wakaandika, wakasimama mahakamani pamoja na wataalamu. Mambo kadhaa waliyashinda kwenye karatasi, lakini jengo lililokwisha bomolewa halirudi kwa hukumu.

Huo ni mtaa mmoja, njia moja ya zege, wenye ardhi wawili wa kidini. Mmoja amewaacha watu wakae, mwingine akawaondoa. Ndiyo maana sikubali maelezo ya juujuu kwamba Kudi Chin umehifadhika kwa sababu watu wake ni wacha Mungu au wapenda mila. Pande zote mbili wana mila. Tofauti ilikuwa kwenye uamuzi wa aliyeshika hati, na wakazi hawakuwa na nguvu ya kisheria ya kumzuia.

Upande wa mashariki wa mto kuna mfano mkali zaidi. Ngome ya Mahakan ni mojawapo ya ngome chache zilizobaki za ukuta wa zamani wa Bangkok, na pembeni yake paliishi jamii ndogo katika nyumba za mbao, baadhi za kale sana. Mwaka 1992 ilitoka amri ya kuitwaa ardhi hiyo ili pawe bustani ya umma. Wakazi walipinga kwa zaidi ya miaka 25. Walikuja wasanifu na wanazuoni wakaandaa pamoja nao mpango wa kuishi na kuhifadhi kwa pamoja, wageni wakawa wanatembelea, na jamii yenyewe ikawa inawatembeza. Aprili 2018 wa mwisho wakaondoka. Leo pana majani yaliyokatwa vizuri na ukuta mweupe. Pametulia pia, lakini utulivu ule ni wa mahali palipoondolewa watu, na mgeni akipita hakuna cha kumwambia kwamba pale palikuwa na jiko, mgomvi wa jirani na mtoto aliyekuwa akirusha tiara. Mpangaji wa mji anayetaka kujua atakachopata akihifadhi kuta na kuwatoa watu, aende Mahakan.

Kwa sasa shinikizo juu ya Kudi Chin linakuja kwa sura ya mambo mazuri. Mwishoni mwa 2018, mtoni upande huohuo wa Thonburi, lilifunguliwa jumba kubwa la maduka la ICONSIAM, na baadaye likapata reli yake fupi. Mwaka 2019 treni ya chini ya ardhi ilipita chini ya Chao Phraya kwa mara ya kwanza na kuweka stesheni Itsaraphap, si mbali na mtaa kwa mguu. Mkazi anayefanya kazi ng'ambo ya mto amepata nafuu ya kweli na simnyimi. Lakini kila stesheni hupandisha thamani ya viwanja vinavyoizunguka, na kila mwenye ardhi, awe padri, mtawa au benki, huisoma thamani hiyo.

Mwaka 2020 yalitokea mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja yanafundisha. La kwanza, Februari, mahakama ya utawala iliagiza usimamishwe mradi wa njia pana ya zege juu ya Chao Phraya, uliopangwa kuanza na kilomita 7 kila ukingo. Serikali ya kijeshi iliupigia debe kama zawadi kwa wananchi. Makundi ya raia na wasanifu walisema ungeziba mto, ungewatoa wakazi wa ukingoni, na hawakushirikishwa ipasavyo. La pili, Juni mwaka huohuo, ilifunguliwa bustani ya juu katikati ya Daraja la Phra Pok Klao, karibu kabisa na Kudi Chin. Bustani hiyo ina urefu wa mita 280 na ilijengwa juu ya kiunzi cha reli iliyoachwa bila kukamilishwa miaka zaidi ya 30. Ilitoka kwenye mpango wa kufufua eneo la Kudi Chin na Khlong San uliochorwa na kituo cha usanifu wa miji cha Chuo Kikuu cha Chulalongkorn kwa vikao na wakazi wenyewe. Hakuna nyumba iliyobomolewa. Watu wa pande mbili sasa wanavuka kwa mguu, jioni wazee hukaa kutazama jua likizama mtoni. Mradi wa kwanza ulianza na mchoro ukatafuta watu wa kuukubali. Wa pili ulianza na watu wanaotaka kuvuka. Naamini tofauti hiyo inatosha kuamua ni mradi gani unafaa mtaa kama huu, hata kabla ya kuhesabu fedha.

Sisi wageni nasi tuna sehemu yetu katika shinikizo hili, tena si ndogo. Vichochoro vya Kudi Chin vina upana wa watu wawili kupishana, na nyumba zimefunguka moja kwa moja kwenye njia. Hakuna baraza wala daka kama la nyumba za Lamu, linalomwambia mgeni akomee hapa. Unapita na ubavuni mwako mzee amelala kwenye kiti mbele ya feni, pikipiki imesukumwa hadi jikoni, nguo za ndani zimeanikwa juu ya kichwa chako. Mtu akiinua simu kupiga picha "maisha halisi" anapiga picha ya chumba cha kulia cha familia. Nimeona kundi zima limejipanga mbele ya dirisha lenye nondo, ndani bibi anakula, na hakuna aliyemwamkia. Kwa mila zetu mtu hafiki hata ukingoni mwa ua bila kupiga hodi. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba ukilipa nauli ya ndege, hodi imesamehewa.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nayaona na kwetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu 2001. Nyumba ambazo ukoo mzima uliishi zimekuwa hoteli za vyumba kumi, na waliokuwa wakikaa humo wamehamia Ng'ambo na zaidi. Kuta zimepakwa chokaa, milango ya nakshi imesuguliwa, na usiku madirisha mengi hayana taa ya mwenyeji. Ilhali tulikuwa nacho, na bado tunacho, chombo kinachofanana sana na ardhi ya kanisa la Santa Cruz: wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe na za Mji wa Kale wa Mombasa ziliwekwa wakfu na wenyewe ili wasio na kitu wapate pa kukaa, au mapato yaangalie msikiti na jamaa. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Kodi yake huweza kuwa ndogo. Mpangaji wake huweza kuwa mshona kofia, mwalimu wa chuo au mpika mahamri, watu ambao bila wao mji wa kale ni makumbusho. Lakini zungumza na wanaokaa humo na utasikia habari za dari linalodondoka na matengenezo yasiyokuja, maana kodi ndogo haileti fundi. Huo nao ni ukweli, na unahitaji fedha, si hotuba. Kila mgeni anayeingia Mji Mkongwe tayari analipa kodi na ada za namna mbalimbali. Sehemu yake ikielekezwa moja kwa moja kwenye mapaa ya nyumba za wakfu zinazokaliwa na wenyeji, tutakuwa tumefanya kile ambacho Kudi Chin unakikosa: kumpa mwenye ardhi mwema uwezo, na kumpa mpangaji hati ya miaka mingi ambayo msimamizi mpya hawezi kuichana.

Hati ya miaka mingi ndiyo nukta yenyewe. Wakazi wa Kudi Chin wanalipa kodi ndogo, lakini usalama wao umekaa juu ya desturi zaidi ya mkataba mrefu. Vijana wao wanasoma, wanapata kazi ng'ambo, wanapanga vyumba karibu na stesheni. Ukiwauliza kwa nini hawatengenezi nyumba ya bibi, jibu ni la akili: nani ataweka akiba yake kwenye paa lililo juu ya ardhi ya mwingine bila kujua miaka mingapi amebakiwa nayo? Bado ipo nyumba moja ambayo wenyewe waliigeuza makumbusho ya mtaa kwa fedha zao, wakaweka chini mkahawa, juu vyombo na historia ya Wareno wa Siam. Kufanya hivyo bila uhakika wa ardhi ni ujasiri ambao kanisa na jiji wangepaswa kuulipa kwa mikataba ya angalau kizazi kimoja.

Ukienda, nenda siku ya kazi, asubuhi, kwa kivuko. Vaa nguo za kufunika mabega, maana ndani ya umbali wa dakika chache utaingia nyumba za ibada za dini tatu. Kanisa hufunguliwa nyakati za misa, kwa hiyo usigonge mlango wake saa sita ukalalamika. Nunua keki kwa wanaookea nyumbani, kula na zile tambi za mchele kwa mchuzi wa kuku ambao wakazi huusema wa Kireno, na lipa bila kupatana bei. Muulize muuzaji kama nyumba anayookea ni yake au amepanga, na amepanga kwa nani. Wengi hujibu bila kusita, na kwa dakika tano utakuwa umejua kuhusu mtaa ule mambo ambayo hayamo kwenye kibao chochote cha watalii.